Milembe Si Tusi

Vijana wenzangu wa mjini, hili mnalijua. Mtu akitoa neno lisiloeleweka kijiweni, au akicheka peke yake ndani ya daladala, hakosekani wa kumrushia: "Huyu wa Milembe huyu!" Watu watacheka, safari itaendelea. Unguja watasema apelekwe Kidongo Chekundu. Nairobi watasema Mathari. Kila upande una hospitali yake ya kutukania.

Jina lenyewe huandikwa Mirembe. Siye ndo tumelivuta kwenye ndimi zetu likawa Milembe. Kwa Waganda neno mirembe maana yake ni amani. Hebu fikiri, msomaji: jirani zetu wanalo neno la amani, sisi neno hilo hilo tunamtukania mtu ambaye amani ndiyo kitu alichokosa.

Shuleni tulikaririshwa Mkataba wa Heligoland wa 1890 na Vita vya Majimaji vya 1905. Ni vizuri. Lakini hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba katika miaka hiyo hiyo ya Majimaji, juu ya mlima mmoja wa Usambara, palifunguliwa nyumba ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika Afrika Mashariki. Nataka kuandika historia hiyo, yaani historia ya kumtuliza mgonjwa katika nchi yetu. Nitaitazama kutoka Mgeta, manake ndiko kwetu, na kwa mtu wa mlimani swali la kwanza la ugonjwa wowote huwa ni moja: je, huko anakopelekwa ni mbali kiasi gani?

Kwa asiyepajua, Mgeta iko upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Ukitoka Morogoro mjini unashika barabara ya Iringa, unafika Sangasanga, unakata kushoto, na hapo ndipo safari inapoanza. Ni Langali, Nyandira, Tchenzema, Bunduki. Kabichi, karoti na njegere mnazokula Dar es Salaam nyingi zimelimwa kule, kwenye matuta yaliyochongwa ubavuni mwa mlima kama ngazi. Mvua ikinyesha sana, gari halipandi. Mgonjwa aliyezidiwa alibebwa kwenye machela na vijana wanne, wakipokezana, mpaka barabarani.

Zamani, kabla ya machela hayo kuwa na pa kwenda, mtu aliyeelemewa na moyo alitulizwa nyumbani. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti kubwa. Yeye huitwa, watu huketi, maneno hutolewa. Mtani naye ana kazi yake. Katika msiba mtani huja kumwaga matusi na vichekesho pale pale penye kilio, na mfiwa ambaye hajafungua kinywa siku mbili hujikuta anacheka na machozi yakimtoka. Wazaramo na majirani zao wana ngoma ya madogoli, ambapo nyumba nzima hukesha na mgonjwa mmoja, ngoma zinapigwa, mganga anauliza ni nini kimemkalia. Ukiamini pepo, sawa. Usipoamini, bado utaona jambo moja: usiku ule mgonjwa hakuachwa peke yake.

Lakini tusidanganyane kwamba zamani kulikuwa peponi. Wapo waliofungwa kamba na magogo. Wapo waliochomwa moto wa jikoni kwa sababu ya kifafa na hakuna aliyethubutu kuwashika, wakiogopa kuambukizwa. Kukesha na mgonjwa ni jambo jema, ila peke yake halitoshi. Nitalirudia hili mbele.

Sasa twende Lutindi. Mwaka 1896 chama cha Kikristo cha Wajerumani kilianzisha pale, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Karibu na mwaka 1905 makao hayo yakageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Waliokuwa nyuma ya kazi hiyo walikuwa watu wa Bethel, jamii ya Kikristo ya huko Bielefeld iliyojengwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Fundisho lao lilikuwa kwamba mgonjwa asiachwe akae bure. Apewe kazi anayoiweza, hata ikiwa ndogo. Basi Lutindi ikawa na mashamba na kazi za mikono, na mpaka leo hospitali hiyo inajulikana kwa chai na kwa karakana zake.

Wazo hilo halikuzaliwa Bethel peke yake. Mwaka 1796 William Tuke, mfanyabiashara wa Kiingereza wa madhehebu ya Wakweka, alifungua nyumba mjini York ambamo wagonjwa walivuliwa minyororo, wakapewa bustani, chai na mazungumzo. Paris, katika miaka hiyo hiyo ya 1790, daktari Philippe Pinel alikuwa akifundisha kwamba mwenye wazimu azungumzwe naye kama mtu. Kwa hiyo Lutindi ilileta Afrika Mashariki fikra iliyokuwa na umri wa miaka mia na ushee: kwamba mahali, kazi na namna ya kusema na mtu vyaweza kuwa tiba. Ubaya wake ni kwamba fikra hiyo ilifika ikiwa imepanda juu ya mgongo wa ukoloni. Mgonjwa alitolewa kwao, akapelekwa kwenye mlima wa watu wengine, akatulizwa kwa lugha isiyo ya mama yake.

Baada ya Wajerumani kushindwa vita, Waingereza walijenga hospitali yao Dodoma, ikafunguliwa mwaka 1927. Hiyo ndiyo Mirembe. Karibu yake pakawekwa Isanga, kwa ajili ya wagonjwa waliotenda makosa ya jinai. Sasa piga hesabu ya mtu wa Mgeta. Kwanza machela mpaka barabarani. Halafu Morogoro, ambako reli ilikuwa imefika tangu 1907. Halafu treni mpaka Dodoma, kwenye nchi kavu ya mibuyu, yeye aliyezoea ukungu na maji yanayotiririka mlangoni. Ndugu yake angewezaje kumtembelea? Kwa nauli ipi? Ndipo jina likaanza kuogopwa. Aliyepelekwa huko alikuwa kama aliyezikwa, ila hakuna matanga.

Na wakubwa wa wakati ule waliwaonaje wagonjwa hao? Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Nairobi walifungua nyumba ya wendawazimu mwaka 1910, ikaja kuitwa Mathari. Mwaka 1938 aliwekwa pale daktari John Carothers, ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika ni nadra kupatwa na huzuni nzito ya ugonjwa, na akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Maneno mazito hayo, na yalikuwa na matokeo. Ukishaamini kwamba mtu mweusi hana huzuni ya ndani, utamwekea nani nesi wa kumtuliza? Utamwekea askari na kufuli, basi. Hapo utaona kwamba fikra mbovu iliyoandikwa vizuri inaweza kumnyima mgonjwa hata kiti cha mtu wa kukaa naye. Sisi tunaojifunza kuandika tulikumbuke hilo.

Aliyejibu kwa vitendo alikuwa Mwafrika mwenyewe, daktari Adeoye Lambo wa Nigeria. Mwaka 1954, kule Aro karibu na Abeokuta, aliwapanga wagonjwa kwenye vijiji jirani na hospitali, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumpikia na kulala naye. Mchana wanatibiwa, jioni wanarudi kijijini. Tanzania nayo baada ya uhuru ilijaribu njia ya namna hiyo kwa vijiji vya kilimo vya wagonjwa, kama Vikuruti nje ya Dar es Salaam, kilichokuwa chini ya Muhimbili.

Hapa sharti nisimame kwenye mwaka mmoja, 1952, manake umebeba mambo mawili. Mwaka huo huko Paris madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walitangaza kwamba dawa ya klorpromazini inamtuliza mwenye wazimu mkali. Ilikuwa ajabu, wodi zilizojaa makelele zikanyamaza. Mwaka huo huo huko Marekani nesi mmoja, Hildegard Peplau, alichapisha kitabu kuhusu uhusiano wa nesi na mgonjwa. Hoja yake kubwa ni kwamba uhusiano wenyewe ni sehemu ya matibabu. Nesi anapoketi, anaposikiliza, anapomsaidia mgonjwa kutaja kile anachokiogopa, hapo anatibu. Kidonge na kiti, vyote vilizaliwa pamoja. Kidonge kikasafiri dunia nzima haraka. Kiti kimekuwa kinakuja polepole, kwa miguu, kama mtu anayepanda Mgeta.

Ushahidi kwamba viwili hivyo vinahitajiana uko mkoani kwetu, Mahenge. Karibu na mwaka 1960 daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa kwenye misheni ya Kwiro, kati ya Wapogoro. Alikuta wagonjwa wametengwa, wanakula peke yao, wengine wana makovu makubwa ya moto. Alitumia fenobabito, kidonge cha bei ndogo. Lakini kidonge hicho lazima kimezwe kila siku, na mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba amelaaniwa hawezi kumeza kitu kila siku kwa sababu tu mgeni kasema. Ilibidi aketi nao, awasikilize wao na ndugu zao, awashike kwa mikono yake mbele ya watu ili watu waone kwamba kifafa hakiambukizi kwa kugusana. Maneno bila fenobabito yasingezuia degedege. Fenobabito bila maneno ingebaki kwenye kopo. Alikuja kuyaandika hayo kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1979. Wenyeji walimwita Mama Daktari.

Tukitoka Mahenge tunafika kwenye jambo ambalo watu wengi wa Morogoro hawalijui, nami nasema ni la kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali yetu, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Wadenmaki, ilianza mpango wa taifa wa afya ya akili. Mikoa miwili ikachaguliwa kwa majaribio: Kilimanjaro na Morogoro. Shabaha yake ilikuwa kuvunja ile safari ya treni. Badala ya kumpeleka kila mgonjwa Dodoma, wafanyakazi wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe kumtambua mwenye wazimu, mwenye kifafa na mwenye huzuni, wampe dawa za kawaida, wazungumze na familia, na yule aliyeshindikana tu ndiye apelekwe mbele. Manesi waliosomea magonjwa ya akili ndio waliokuwa uti wa mgongo wa kazi hiyo, wakizunguka na kusimamia.

Lakini ulikuwa wakati mgumu. Wazee wetu wanaikumbuka miaka ile: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, zahanati ina mganga lakini kabati tupu. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama hospitalini. Mpango mzuri uliozaliwa kwenye njaa hukua na utapiamlo. Hata hivyo wazo halikufa. Ndilo hilo hilo ambalo hata leo wataalamu wanalisema, kwamba tiba ya akili ianzie pale mtu anapoishi.

Na wakati huo huo likaja janga lililowalazimisha watu wote kujifunza kuzungumza na mgonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Dawa za kupunguza makali hazikuanza kutolewa na serikali kwa mpango wa taifa mpaka mwaka 2004. Miaka ishirini na moja! Katika muda wote huo nesi alisimama mbele ya kijana wa rika letu akiwa na panadol, glavu kama zipo, na mdomo wake. Ndipo maneno "ushauri nasaha" yakaingia kwenye Kiswahili cha kila siku. Mwaka 1989 Theresa Kaijage, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, alianzisha WAMATA, na watu wakaanza kwenda majumbani kukaa na wagonjwa waliokimbiwa. Hawakuwa na cha kuponya. Walichonacho kilikuwa kumwuliza mtu: unaogopa nini zaidi? Ni nani umwambie? Watoto wakae na nani? Wapo waliokufa wakiwa wametulia kwa sababu maswali hayo yalikuwa yamepata majibu.

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na wazimu wala Ukimwi. Alikuwa na uvimbe tumboni, akaletwa mjini kupasuliwa. Umri wote ule alikuwa hajawahi kulala nje ya Mgeta. Wodini akageuza uso ukutani, siku mbili hali, hasemi. Chati ikaandikwa kwamba anakataa chakula. Usiku wa pili akaingia zamu nesi mtu mzima, Mluguru. Akavuta kigoda, akaketi mpaka macho yao yakawa sawa, akamwamkia kwa Kiluguru na kumwuliza njegere zake amemwachia nani. Bibi akajibu. Halafu nesi akamweleza: keshokutwa utasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, juu yako patakuwa na taa kubwa, utachomwa sindano mkononi, utalala, ukiamka koo litakauka na utamwona mwanao. Akamruhusu mama yangu alale chini, kando ya kitanda, ingawa muda wa wageni ulishapita. Asubuhi Bibi akaomba uji.

Mama amenisimulia kisa hiki mara nyingi, na zamani nilikisikia kama kisa cha wema tu. Sasa nakisoma vingine. Yule nesi alifanya mambo manne, na yote yamo kwenye mafundisho ya uuguzi. Alikaa badala ya kusimama, ili mgonjwa asijione anahojiwa. Alitumia lugha ya nyumbani. Alieleza kitakachotokea hatua kwa hatua, kwa sababu kisichojulikana ndicho kinachotisha zaidi. Florence Nightingale alishaandika mwaka 1859 kwamba hofu na kungoja bila kujua humdhuru mgonjwa kuliko kazi ya mwili. Tena alimrudishia mtu wake. Hofu si mchezo: moyo huenda mbio, usingizi hupaa, maumivu huzidi, chakula hakipiti. Aliyeituliza hofu amefanya kazi ya kitabibu, sawa na aliyetundika dripu. Tofauti ni kwamba dripu huandikwa kwenye chati, na kigoda hakiandikwi popote.

Nawasikia wanaosema: nesi gani ana muda huo? Usiku mmoja, wodi imejaa, wengine wamelala wawili wawili, nesi ni mmoja. Ni kweli, na ndiyo maana sipendi hadithi zetu zinazomchora nesi kama mwanamke mkali anayefoka na kusonya. Ukali mwingine ni uchovu uliovaa sare nyeupe. Ila mfano wa Zimbabwe unatuonyesha kwamba njia zipo. Kuanzia mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wa mitaani Harare, ambao si wasomi wakubwa, kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na wenye huzuni, tatizo moja baada ya jingine, kwa vikao sita. Wakapimwa kwenye kliniki 24, matokeo yakachapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa na kina bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi la mbao na bibi anayejua kusikiliza. Hivyo vyote viwili Mgeta vipo.

Kwa hiyo nikiipanga historia hii yote mstari mmoja, Lutindi, Mirembe, Mahenge, zahanati za Morogoro, WAMATA, naona jambo moja. Kila tulipompeleka mgonjwa mbali na watu wake, alinyamaza, nasi tukadhani ametulia. Kila tulipoisogeza tiba ikamfuata alipo, dawa mkono mmoja na mtu mkono wa pili, alizungumza. Tanzania ilipata sheria mpya ya afya ya akili mwaka 2008, na hiyo ni hatua. Lakini sheria haiketi kwenye kigoda.

Wenzangu mnaoandika, ombi langu kwenu ni dogo. Mnapohitaji kichaa katika hadithi zenu, msimwokote tu jalalani ili achekeshe sura ya tatu kisha apotee. Mwulizeni ametoka wapi, nani alimsindikiza mpaka kwenye gari, na alipofika nani aliketi naye. Na katika wodi zenu za kubuni, mwekeni hata mara moja nesi wa zamu ya usiku, mkampe jina, na mtuandikie alichosema.